Mzee Fyuzi na Mashine ya Kumeza Unga

Mama Fyuzi aliangushwa na maharage. Si gunia wala debe. Punje kumi na mbili. Alizihesabu mwenyewe akiwa amekaa sakafuni akisubiri mtu wa kumwinua, maana pale chini hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Zilimponyoka wakati wa kuchambua, na kwa kuwa kiuno chake kilikuwa kimegoma kuinama tangu mwaka uliopita, akaziacha zimsubiri mumewe arudi kutoka kazini. Hazikusubiri. Aligeuka kuchukua chumvi, akakanyaga, na sakafu ya saruji ikamaliza kazi.

Mungu ni mwema, hakuvunjika. Alipata alama kwenye nyonga, kubwa kama sahani, na kwa siku tatu akawa anakaa upande upande kama mtu aliyepanda punda. Lakini habari ilimfikia binti yao mkubwa, ambaye ni muuguzi, na muuguzi akisikia mzazi kaanguka haulizi tena habari za asubuhi. Alikuja na mkoba wake, akamgeuza mama yake huku na huku, akaiangalia mikono yake iliyokuwa ikitetemeka juu ya shuka, kisha akatoka kwenda sebuleni kwa baba yake.

"Baba, mama namchukua akaishi kwangu."

"Umchukue umpeleke wapi? Kwake ni hapa."

"Mikono inatetemeka, kila anachoshika anamwaga. Hawezi kuinama akakiokota. Leo ni nyonga, kesho ni fuvu. Kwangu kuna dada wa kazi, mama atapumzika."

Sauti ikatoka chumbani, "Mnanigawana kama kuku na mimi nipo hapa nasikia?"

"Mama, ni kwa faida yako."

"Nitapumzika kaburini, mwanangu, tena muda mrefu sana. Kwenye jiko langu sitoki."

Mzee Fyuzi alitazama mlango wa chumbani. Alijua mambo mawili. La kwanza, binti yake alikuwa na haki. La pili, mkewe akitolewa kwenye lile jiko hatamaliza mwaka. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amemwona mwanamke yule akiwa na homa, akiwa na msiba, akiwa na hasira naye, na kila mara aliponyanyuka kitandani mguu wa kwanza ulielekea jikoni. Wengine hupona kwa sindano. Yeye alipona kwa kuchemsha kitu.

Kwa hiyo akafungua mdomo, na kabla hajafikiri neno likawa limeshatoka.

"Nitamtengenezea mashine."

"Mashine gani, baba?"

"Ya kufyonza. Kilichomwagika kinafyonzwa, kinaondoka. Ndogo, ya kushika mkononi. Tena ya betri, maana jikoni pana maji na moto, na waya ukimzunguka mama yako miguuni utakuwa maharage ya pili."

Binti akafunga mkoba wake. Kisha akatoa hukumu, kama wanavyotoa hukumu wodini. "Jumamosi ya wiki ya pili nakuja kushinda hapa. Kitu kikimwagika, mama akiondoe mwenyewe, bila kuinama na bila kumsubiri mtu. Akiweza, atabaki. Asipoweza, nafunga nguo zake siku hiyo hiyo."

"Nimekubali," alisema Mzee Fyuzi.

"Mimi sijaulizwa," ilisema sauti ya chumbani.

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa sababu kuuliza hakukuwa desturi ya Mzee Fyuzi. Alikuwa fundi wa redio, pasi, feni na kila chenye waya, na jina hilo alilipata kwa kuwa hata awekewe mezani kitu gani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Hii ni fyuzi." Mteja akianza kueleza, "Fundi, hii redio asubuhi inaimba, lakini mchana..." alimkata: "Umeniletea redio au umeniletea hotuba? Weka hapo, njoo Alhamisi." Aliamini kwamba mwenye kifaa ndiye mtu wa mwisho kujua kifaa chake kina nini. Na mara nyingi Alhamisi ilipofika redio ilikuwa inaimba, basi nani wa kumbishia? Isipokuwa yule bwana aliyepita kibandani na pasi mkononi. Mzee Fyuzi aliipokea, akamfukuza kabla hajamaliza sentensi, akaifungua yote na kubadilisha waya. Alhamisi bwana akarudi, akaeleza kwa upole kwamba pasi ilikuwa mpya, alikuwa ametoka kuinunua, na alipita tu kuchukua feni yake.

Basi akaanza kutengeneza mashine ya mkewe kwa mtindo huo huo.

Ya kwanza ilimchukua siku nne. Mota aliitoa kwenye drili iliyokufa, betri kwenye kompyuta ya mtu aliyehama bila kuifuata, na mwili akautengeneza kwa bomba nene la maji machafu, jipya lakini. Chujio, yaani kile kitambaa cha kuzuia uchafu usifike kwenye feni, alikikata kutoka kwenye suruali yake ya zamani. Aliijaribu kibandani kwa maranda ya seremala wa jirani, nayo ikayafagia yote. Akaifunga kwenye gazeti, akarudi nyumbani anatembea katikati ya njia kama mwenye hati ya kiwanja.

Jikoni alimwaga unga kikombe kizima mezani kwa makusudi. Mkewe akashika kichwa.

"Unga wangu!"

"Tulia, uone."

Alisali kidogo kabla ya kuwasha, kwa sababu alikuwa mtu wa sala, na pia kwa sababu betri za kompyuta iliyokufa zina tabia zake. Akawasha. Unga ukaingia wote mbele. Na kwa kuwa maranda ni maranda na unga ni unga, ukapita katika suruali kama mgeni anayepita sebuleni, ukatokea wote nyuma, pale ulipokuwa uso wa fundi. Alipozima, nyusi zake zilikuwa zimezeeka miaka ishirini.

Mama Fyuzi aliegemea kabati akacheka mpaka nyonga ikamuuma. "Umeuhamisha, baba. Hujaufyonza, umeuhamisha."

"Ni chujio tu."

"Nipe basi niishike." Alipokea, na mkono ukashuka nayo mpaka mezani. "Hii mashine niishike mimi, au itafutiwe mtu wa kunishikia? Vidole vyangu haviwezi. Sikiliza, nikwambie jinsi mikono yangu..."

"Nimeshaelewa. Nzito. Njoo Alhamisi," alisema Mzee Fyuzi kwa mazoea, akasahau kwamba alikuwa anasema na mkewe, nyumbani kwake.

Asubuhi akampelekea suala la chujio fundi cherehani, mwanamke aliyekuwa na chumba kilichopakana na kibanda chake. Walikuwa wakitaniana kila siku ya Mungu, na kwa kuwa alimwita Mama Fyuzi dada, yeye alikuwa shemeji.

"Shemeji, naona leo umejipaka poda. Kuna harusi?"

"Nishonee kifuko kidogo kama soksi ya mtoto, kitambaa ambacho unga haupiti."

"Bitana ya koti, mbili mbili. Hata umbea haupiti."

Alikishona vizuri, na kweli unga haukupita. Mzee Fyuzi akaona amebakiza uzito tu. Kwa siku tano akawa ananyoa mashine ile kama kondoo. Alipunguza betri, akabadilisha bomba kwa chupa nyembamba, akatoboa matundu kwenye mshikio, akaweka swichi ndogo ya redio, ndogo kama punje ya mchele. Siku ya tisa ilikuwa nyepesi kuliko kikombe cha chai. Alijisifu kibandani peke yake, akamshukuru Mungu kwa kumpa akili.

Mama Fyuzi aliichukua. Kwanza alihangaika na swichi. Kidole gumba kilikuwa kikiipita kushoto, kikiipita kulia, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Ilipowaka, mkono ukaanza kutetemeka, na mashine ikatetemeka nao, na badala ya kufyonza sukari iliyomwagika ikaanza kuichapa huku na huku. Sukari nyingine iliruka mpaka dirishani.

"Ishike vizuri, mama."

"Ndiyo ninavyoshika! Si nataka kukwambia..."

"Usiibane. Iachie kidogo."

Aliiachia kidogo, kiwiko kikagonga kikombe cha maziwa, maziwa yakatambaa mezani, na yeye, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, akaelekeza mashine kwenye maziwa. Ikayanywa. Ikakohoa. Ukatoka moshi na harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni fyuzi," alisema Mzee Fyuzi.

"Fyuzi ni wewe," alisema mkewe. Lakini hakucheka. Aliketi kwenye kigoda, akafuta mikono yake kwa aproni, polepole. "Baba, nina nguo zipi nzuri za kwenda nazo? Maana naona siku zinakwisha."

Usingizi ulimpita mzee kando siku hiyo. Zilibaki siku nne.

Kesho yake alikaa kibandani bila kushika bisibisi. Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake akimpima mteja, mama mnene aliyekuwa akieleza kwa urefu kwamba gauni la mwisho lilimbana kwapa, kwamba akiinua mkono linapanda, kwamba bega la kulia ni la chini kuliko la kushoto. Fundi cherehani alisikiliza yote, akaandika, akauliza tena. Mteja alipoondoka, Mzee Fyuzi akasema, "Unapoteza muda. Si una futi?"

"Futi inanipa kipimo, shemeji. Kwapa haliongei na futi." Akamtazama. "Dada anasemaje kuhusu mashine yake?"

"Anasema nzito. Nikaipunguza, sasa sijui inakuwaje."

"Nakuuliza anasemaje. Umemkalisha chini ukamuuliza?"

Mzee Fyuzi akakohoa.

"Ama kweli! Siku kumi unamshonea mtu gauni, na kipimo umepima ukuta." Akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga. "Nenda nyumbani, shemeji, kabla sijakucheka vizuri."

Akaenda. Ilikuwa saa nne asubuhi, na Mama Fyuzi alipomwona mlangoni alidhani anaumwa. Mzee akavuta kigoda, akakaa, mikono magotini. Alihangaika na maneno kama vile yalikuwa ya lugha ya kigeni.

"Mama. Tatizo ni nini?"

Mkewe akaweka mwiko chini. Alikuwa ameisubiri nafasi ile miaka arobaini na mmoja na hakuwa tayari kuipoteza hivi hivi.

"Umeniletea mashine," alisema, "au umeniletea hotuba?"

"Nimekosa," alisema Mzee Fyuzi. "Niambie."

Akamwambia. Alimwambia kwa saa nzima, akipika, na mzee alikaa akaandika nyuma ya boksi la viatu. Kwanza, mikono yake haitetemeki ikishika kitu kizito. Ikishika kijiko, inatetemeka. Ikishika sufuria iliyojaa, inatulia kama ya daktari. "Hebu tazama." Aliinua birika lililojaa maji, halikutikisika hata kidogo. Akainua kijiko kitupu, kikacheza. Mzee Fyuzi akakumbuka siku tano za kunyoa, akafumba macho.

"Sasa ile ya kwanza, ulisema nzito!"

"Nilisema vidole haviwezi. Uzito wote ulikuwa kwenye vidole. Uweke huku." Akapiga mkono wake chini ya kiwiko. "Hapa napakata mtoto, napakata ndoo. Hapa hapajachoka."

Pili, jikoni mikono ina maji na mafuta, na swichi ndogo ni ya vijana. Tatu, kinachomwagika jikoni hakimwagiki kwa zamu: leo unga, kesho maziwa. Mashine inayochagua chakula haifai. Nne, meza anaifikia, lakini sakafu ni mbali.

"Na haya yote ulikuwa unayajua?" aliuliza Mzee Fyuzi.

"Jikoni ni kwa nani?"

Siku tatu zilizobaki alifanya kazi kama kijana anayetafuta mke. Mota iliyoungua akaibadilisha kwa nyingine, akaipeleka nyuma pamoja na betri, zikakaa chini ya kikombe kirefu kilichofunikwa sponji, ambapo mkono wa mkewe ungelala kuanzia kiwiko. Mbele vidole vikabaki na kazi ya kuonyesha njia tu. Swichi akaiondoa kabisa. Alikumbuka simu za zamani za mezani, zile ukiinua mkono wake zinaamka zenyewe, ukirudisha zinalala. Akaweka kidude cha namna hiyo kwenye tumbo la mashine, na msumari mmoja ukutani karibu na jiko: ikining'inia inalala, ikiinuliwa inaamka. Kwa maziwa, akatumia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Kinachofyonzwa kinaangukia humo kwanza, hewa inapanda juu peke yake kupitia bitana ya koti. Na ndani ya kopo akatia mpira mdogo mweupe wa kuchezea mezani, ili maji yakijaa uelee, uzibe njia, mota isinywe tena. Kwa sakafu, bomba jepesi la kuchomeka mbele, urefu wa mkongojo. Mdomo wa bomba akaukanda kwa moto ukawa bapa, akaupa midomo ya mpira aliyoikata kwenye kandambili yake ya kushoto. Siku hizo zote alienda kibandani na kandambili moja na kiatu kimoja.

Kila hatua alirudi nyumbani kuuliza. "Hapa je?" "Nyanyua kidogo." "Hivi?" "Sasa umepitiliza."

Jumamosi binti alikuja saa mbili asubuhi, na mfuko mkubwa mtupu wa kutilia nguo. Aliuweka mlangoni, ukaonekana na kila aliyepita.

"Sitaki maonyesho," alisema. "Mama apike kama siku zote. Mimi natazama tu."

Mama Fyuzi akapika. Na Mungu naye ana mizaha yake: siku hiyo hakumwaga kitu. Alichambua mchele, hakudondosha punje. Alipima unga, meza ikabaki safi. Alikoroga, akamimina, akachuja. Mzee Fyuzi alikuwa amekaa pembeni akitokwa jasho, akiombea ajali jikoni kwake.

"Mama," mzee alinong'ona mkewe alipopita karibu, "hujamwaga tu?"

"Mikono imenisaliti. Imeamua kutulia."

Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna. Mzee aligonga mguu wa meza kwa goti, kama bahati mbaya. Bakuli la sukari likayumba, mkewe akalidaka hewani.

"Baba, nimekuona," alisema binti.

"Nilikuwa nanyoosha mguu."

Saa sita kasoro binti aliangalia saa yake. "Mimi sina siku nyingine ya mapumziko mpaka mwezi ujao. Sijaona kitu, siwezi kusema nimeona. Ngoja nikusaidie mama tumalize, halafu tuzungumze." Na akautazama ule mfuko.

Akainuka, akashika kopo la unga. Mfuniko ulikuwa umekaza. Akaubana kifuani, akavuta kwa nguvu za muuguzi aliyezoea kugeuza wagonjwa. Mfuniko ukatoka ghafla, unga ukapaa, ukamwagika kutoka mezani mpaka miguuni pake. Akaruka nyuma, kiwiko kikapiga jagi, na lita nzima ya maziwa ikashuka upande wa pili, ikaanza kutambaa kuelekea kwenye unga.

"Simama hapo hapo!" Mama Fyuzi alipaza sauti. "Usisogeze mguu, utateleza!"

Akaiondoa mashine msumarini, ikaamka kwa kishindo. Akailaza mkononi kama anapakata mjukuu, akachomeka bomba refu. "Unga kwanza," alisema, kwa nafsi yake. "Vikikutana hivi vinakuwa gundi." Akakata njia katikati, akafyonza unga kutoka pale ulipokuwa ukikaribia kukutana na maziwa, kisha kuzunguka viatu vya binti, kisha meza. Akazima kwa kuirudisha msumarini, akafungua kopo, akakung'uta ndooni, akaanza na maziwa. Mkono haukutikisika. Katikati mashine ikabadilisha sauti, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na Mzee Fyuzi akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Kaa chini, mzee," alisema mkewe bila kugeuka. "Imeshiba tu."

Akamwaga, akaendelea, akamaliza. Akapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Sakafu ikang'aa. Binti alikuwa bado amesimama pale pale, mikono hewani, nusu ya gauni ikiwa nyeupe kwa unga.

"Sasa unaweza kusogea," mama yake alimwambia. "Polepole, mwanangu. Njoo ukae hapa. Umeumia mahali?"

"Sijaumia, mama."

"Lazima uwe mwangalifu jikoni."

Binti akakaa. Alijaribu kukaza uso, uso ukamshinda. Alicheka mpaka akaufunika kwa mikono, na mikono ikampaka unga zaidi. "Nani amekufundisha kutumia kitu hicho?"

"Kunifundisha? Mimi ndiye nimemfundisha huyu."

Mzee Fyuzi hakubisha. Binti alipoondoka jioni, mfuko aliubeba mtupu.

Mama Fyuzi alipika kwenye jiko lile miaka mitatu na miezi mitano zaidi, mpaka wiki ile Mungu alipomwita. Hakuanguka tena. Lakini alikuwa ameonja utamu wa kuulizwa, na hakuuacha. Kila mwezi au miwili alikuwa na jambo: kopo liwe pana kidogo, sponji inashika harufu, msumari ushushwe. Mzee Fyuzi alinunua daftari, akawa anaandika kila kasoro kwa namba, na ikirekebishwa anaipiga mstari. Hata kibandani alibadilika. Wateja walikuwa wakimwekea redio mezani, naye anawaambia, "Eleza kwanza," nao wanaogopa, wanadhani mzee amepata ugonjwa.

Kasoro ziko ishirini na tatu. Ishirini na mbili zimepigwa mstari. Ya mwisho aliisema akiwa ameshaanza kuchoka, ameegemea mlango wa jiko: "Kelele nyingi, baba. Ikiwa imewaka, ukiniita sisikii."

Binti anataka kumchukua mzee akaishi kwake, na safari hii hajaweka masharti. Mzee anasema ataenda, hana ugomvi. Lakini kwanza kuna kazi hajaimaliza. Asubuhi baada ya sala anaishusha mashine, anaifungua juu ya meza ya jikoni, anazungushia mota vipande vya bitana ambavyo fundi cherehani humletea bila utani. Anairudisha, anaining'iniza, anaiinua, anasikiliza. Ameshaipunguza sana. Kwa sasa inasikika kama mtu anayepuliza chai ya moto, naye anasema bado.